Unaunda PC ya Kwanza? Jua Saizi ya Keisi Kabla Uchome Doo

Wasee wengi hununua keisi kwa macho. Iko na taa, iko na kioo kando, inakaa fiti, lipa. Halafu GPU inakuja, inakataa kuingia kwa sentimita moja tu. Na ukishafungua boksi, kurudishiwa doo ni stori ingine.

Anza na madabodi. Ile kubwa ya kawaida ni ATX, milimita 305 kwa 244. Micro-ATX ni 244 kwa 244. Mini-ITX ni kadogo kabisa, 170 kwa 170. Keisi ya ATX kwa kawaida inabeba hizo ndogo pia, lakini keisi ndogo haiwezi kumeza madabodi kubwa.

Kama mfuko umebana, mimi nasema Micro-ATX. Madabodi zake huwa bei poa na GPU kubwa bado inaingia kwa keisi nyingi. Mini-ITX ni tamu kwa picha, lakini ni noma: nafasi 2 tu za RAM, keisi nyingi zinadai pawa saplai ndogo ya SFX, na kupitisha waya mle ndani ni vita. Labda kama uko bedsita na meza ya PC ndio hiyo hiyo ya ugali.

Sasa soma namba za keisi kabla ulipe. Urefu wa GPU kwanza: RTX 4090 ya Nvidia yenyewe ni milimita 304, na hata kadi za bei ya chini zenye feni 3 huwa ndefu. Ukiweka redieta mbele na feni zake, toa kama milimita 52 kwa ile nafasi ulidhani uko nayo. Kisha kimo cha kipoza CPU. Noctua NH-D15 ni milimita 165, na keisi nyembamba haitafungika.

Juu ya vumbi la Nairobi, chukua keisi yenye wavu mbele na chujio unaweza kutoa uoshe. Kioo mbele kinaziba hewa.

Na zile OptiPlex za mtumba, buda, chunga. Ile nyembamba inakubali GPU fupi za kimo cha chini pekee, na nyingi madabodi na pawa saplai zake si za saizi ya kawaida, so usipange kuzihamisha kwa keisi mpya baadaye.