Masomo ya kimataifa: Tunapima anachojua mwanafunzi au anachoweza?

MWEZI uliopita niliketi katika kikao cha kuupitia upya mtaala wa shahada ya masomo ya kimataifa katika chuo kikuu kimoja humu nchini. Mbele yetu palikuwa na jedwali refu la matokeo ya ujifunzaji, yaani mambo ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuweza kuyatenda anapohitimu. Tulipoifikia kozi ya Kiswahili cha mawasiliano ya kikanda, mwenzetu mmoja, msomi mchanga na mwerevu, alipendekeza iondolewe. Sababu? Ati matokeo yake hayapimiki. Nadharia za uhusiano wa kimataifa zinapimika, akasema, kwa kuwa zina maswali na majibu. Lugha utaipimaje?

Sikumjibu papo hapo. Kikao kilikuwa na ajenda kumi na moja na saa ya chakula ilikuwa imewadia. Pendekezo hilo sasa linaelekea kwenye seneti. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa wengi wanaofikiri kama yeye.

Jibu lenyewe linahitaji historia kidogo. Historia hiyo inaonyesha kwamba tangu mataifa yaanze kuwasomesha watu ili waende kufanya kazi ugenini, lugha ndiyo iliyokuwa ikipimwa mapema kabisa. Tena Kiswahili chetu kilikuwamo tangu mwanzo.

Twende Berlin, mwaka wa 1887. Ujerumani ilikuwa ndiyo kwanza imejitwalia makoloni Afrika, na serikali ya Bismarck ikajikuta na upungufu wa watu wanaoelewa lugha za huko. Ikafungua Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofungamanishwa na Chuo Kikuu cha Berlin. Kiswahili kilifundishwa hapo sambamba na Kichina, Kijapani, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki na Kihindustani. Wanafunzi walikuwa makarani, maafisa, wafanyabiashara na wamishenari watarajiwa. Zaidi ya lugha, walifunzwa jiografia, dini, desturi na sheria za maeneo walikotarajia kwenda. Ukiutazama mtaala huo leo utasema, naam, haya ni masomo ya kimataifa, ingawa jina hilo lilikuwa bado halijazaliwa.

Kipimo chao kilikuwa wazi. Je, mhitimu anaweza kusoma barua iliyoandikwa Bagamoyo? Anaweza kumsikiliza shahidi barazani bila mkalimani? Kwa ajili hiyo, seminari iliwaajiri wenyeji wa lugha. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeanza kufundisha huko mwaka wa 1900. Ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka wa 1903. Hadi leo, anayetaka kujua maisha ya Mrima ya karne ya kumi na tisa hana budi kukisoma.

Lakini hebu tutazame yaliyompata mwalimu huyo. Mwaka wa 1904 alimwoa mwanamke Mjerumani. Mwaka uliofuata wakasafiri kuja Afrika Mashariki. Wakuu wa koloni wakakataa katakata mume na mke hao washuke pamoja. Mtoro akarudi Ujerumani, akaishi huko hadi alipofariki mwaka wa 1927. Mwaka uo huo wa 1905 vita vya Majimaji vililipuka kusini mwa Tanzania ya leo, na vikazimwa kwa silaha na kwa njaa iliyoua watu wengi mno.

Nayasimulia haya kwa sababu yana funzo kubwa kuhusu tathmini. Seminari ilipima kama mwanafunzi anakijua Kiswahili. Haikupima kama anamheshimu aliyemfundisha Kiswahili hicho. Mtihani hupima kile ambacho mwenye mtihani anakihitaji, na serikali ya kikoloni haikuhitaji heshima. Ilihitaji kodi, ushahidi na vibarua. Kwa hivyo tusije tukadhani kwamba kupima lugha peke yake kunatosha.

Waingereza nao hawakuwa mbali. Shule ya Taaluma za Mashariki ilianzishwa London mwaka wa 1916, na neno "Afrika" likaongezwa kwenye jina lake mwaka wa 1938. Huku kwetu, maafisa wa serikali ya kikoloni walitakiwa kuufanya na kuupita mtihani wa Kiswahili. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka wa 1930, ikishughulikia Kiswahili Sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja, mojawapo ya mambo yaliyohitaji usanifishaji huo ni shule na mitihani. Huwezi kumsahihisha mtahiniwa kama hamjakubaliana lipi ni sahihi. Kwa maana hiyo, hata Kiswahili Sanifu tunachokiandikia gazetini leo kina deni fulani kwa mtihani.

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani, maana huko ndiko kulikozuka swali lililokisumbua kikao chetu: lugha utaipimaje?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani waligundua kwamba hawakuwa na orodha ya kuaminika ya watumishi wa umma waliojua lugha za kigeni. Kila mtu alijieleza alivyopenda. Huyu aliandika "ninaijua vizuri", yule "kiasi", na hakuna aliyejua "kiasi" ni kiasi gani. Mwaka wa 1955 maafisa wa ubalozi walichunguzwa, ikabainika kwamba wasiofika nusu ndio waliokuwa na ujuzi wa lugha wenye manufaa kazini. Mwaka uliofuata Wizara ya Mambo ya Nje ikatangaza kwamba ujuzi huo utathibitishwa kwa mtihani.

Taasisi ya kuwafunza wanabalozi hao ikabuni ngazi sita, kuanzia sufuri hadi tano. Sufuri ni asiyejua kitu. Tano ni anayezungumza kama mwenyeji aliyesoma. Mtihani wenyewe ulikuwa mazungumzo: mtahiniwa anaketi na watahini, wanaongea, maswali yanapanda ugumu hadi pale anapokwama. Basi.

Mwanzoni mambo hayakuwa shwari. Iligunduliwa kwamba watahini walishawishika na umri na cheo cha mtu. Bosi hupewaje sufuri? Ndipo ikatungwa orodha ya mambo matano ya kuangaliwa: matamshi, ufahamu, ufasaha wa kuzungumza, sarufi na msamiati. Mwaka wa 1958 kikaundwa kitengo cha mitihani kinachojitegemea, kisichokuwa chini ya walimu wenyewe. Baadaye, mwaka wa 1986, walimu wa lugha za kigeni nchini humo walitoa mwongozo wao wa umilisi kwa ajili ya shule na vyuo, uliotokana na ngazi hizo. Mtahiniwa wa Kiswahili leo anaweza kuketi kwa mahojiano ya namna hiyo, apewe kiwango kinachoeleweka na mwajiri yeyote anayeufahamu mwongozo huo.

Kwa hivyo, ndugu yangu msomi mchanga, lugha hupimwa hivyo. Imepimwa hivyo kwa zaidi ya miaka sitini.

Lakini Wamarekani hao hao wana somo jingine la kutufunza, na hili linahusu udhaifu wao. Sovieti iliporusha satelaiti ya Sputnik mnamo Oktoba 1957, hofu iliwashika. Mwaka wa 1958 Bunge la Congress likapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na sehemu ya sita ya sheria hiyo ikagharimia vituo vya lugha na taaluma za maeneo ya dunia. Ni fedha hizo zilizosaidia Kiswahili kuenea katika vyuo vikuu vya huko. Wengi wa wenzangu waliokwenda kusomea shahada za uzamifu walijikimu kwa kufundisha Kiswahili katika madarasa hayo.

Na vituo viliripotije mafanikio yao? Kwa kuhesabu. Kozi ngapi zimefundishwa, wanafunzi wangapi wamejiandikisha, wahitimu wangapi wamepata kazi. Hizo ni takwimu muhimu, sikatai. Ila kujua kwamba wanafunzi ishirini wamesoma Kiswahili hakukuambii kama hata mmoja wao anaweza kuomba maji Lamu. Kuhesabu viti si kupima akili.

Sisi je? Mfumo wetu wa mitihani ulitoka London. Mwaka wa 1949 Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, wanafunzi wakawa wanatunukiwa shahada za huko. Nairobi ikafuata njia hiyo hiyo. Hata Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipozaliwa mwaka wa 1963, na hata kilipovunjwa mwaka wa 1970 na kila nchi kubaki na chake, tulibaki na urithi ule: karatasi ya maswali, insha za kuandika kwa saa chache, na mtahini wa nje anayekuja kuzipitia.

Simbezi mtahini wa nje. Nimekuwa mtahini wa nje mara nyingi, na najua kwamba jicho la mgeni huona vumbi ambalo mwenyeji amelizoea. Lakini mtahini huyo huletewa nini? Karatasi. Anaona alama za majaribio, asilimia 30, na za mtihani wa mwisho, asilimia 70. Anaona nani amefikisha 70 akapata A. Hamwoni mwanafunzi, wala hamsikii.

Miaka michache iliyopita niliandamana na wanafunzi wa masomo ya kimataifa hadi mpaka wa Malaba. Walikuwa wakichunguza jinsi itifaki za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinavyotekelezwa. Mmoja wao, binti aliyekuwa akiongoza darasa, alitakiwa kumhoji dereva wa lori aliyekuwa akielekea Goma. Alianza kwa Kiingereza. Dereva akatikisa kichwa. Akajaribu Sheng. Dereva, aliyezungumza Kiswahili cha Kongo, akamwomba arudie, kisha akamwomba tena. Binti akakasirika, akamkatiza mzee wa watu katikati ya sentensi. Dakika kumi baadaye karatasi yake ilikuwa tupu. Yule dereva akanigeukia, akasema bila uchungu, "Mwalimu, huyu mtoto amesoma, lakini hajafunzwa kuuliza."

Binti huyo alihitimu kwa daraja la kwanza. Alistahili kwa mujibu wa mtihani tuliompa. Kosa halikuwa lake. Sisi ndio hatukuwahi kumpima jambo ambalo kazi yake ilikuja kulihitaji siku ya kwanza.

Na mahitaji hayo yanazidi kukua. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka wa 1999 uliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kukiacha Kiswahili kikuzwe kama lugha ya mawasiliano. Mnamo Februari 2021, wakuu wa nchi waliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi pia. SADC ilikuwa imefanya hivyo mwaka wa 2019, na Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi mwaka wa 2022, mwaka uo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya. Tutawezaje kuiondoa kozi wakati milango inafunguliwa?

Najua watakaosema madarasa ni makubwa mno. Haya, tupige hesabu. Wanafunzi 300, kila mmoja dakika 20 za mazungumzo na watahini wawili. Hizo ni saa 100, au saa 200 za watahini. Idara yenye wahadhiri kumi itampa kila mmoja saa 20. Kusahihisha insha 300 kwa dakika 20 kila moja huchukua saa 100. Tunachoongeza ni saa kumi kwa kila mhadhiri, na tunapata kitu ambacho insha haiwezi kutupa.

Pendekezo langu kwa seneti ni hili. Kozi ibaki, lakini isibaki ilivyo. Kwanza, matokeo yake yaandikwe kwa vitenzi vinavyoonekana: ahoji, atafsiri, asuluhishe, aandike ripoti. Vile vya "kuelewa" na "kuthamini" viondolewe, maana hakuna aliyewahi kumwona mtu akithamini. Pili, mtihani uwe wa mdomo, na mtahini wa nje awepo asikilize. Tatu, kwa kumbukumbu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mmoja wa watahini atoke nje ya chuo: dereva, mfanyabiashara, karani wa forodha. Naye aulizwe swali moja tu ambalo Berlin haikuuliza: je, mwanafunzi huyu alikusikiliza?

Swali hilo nalo linapimika. Yule dereva wa Malaba alilijibu kwa sentensi moja.