Gitaa la Besi la Zamani: Umiliki na Thamani Yake Katika Upare

Tunapoutaja utamaduni wa taifa letu, fikira za wengi hukimbilia ngoma, zeze, marimba na filimbi. Ni haki yake. Lakini mtu mzima wa Same akiulizwa ni muziki gani aliousikia nyumbani kwao tangu utotoni, yaelekea atautaja muziki wa dansi uliotoka redioni; na chini ya muziki huo, likiubeba kama msingi ubebavyo nyumba, lilikuwamo gitaa la besi. Chombo hiki kilibuniwa ugenini, tena si zamani sana. Hata hivyo kimekaa kwetu muda wa kutosha kuwa na wazee wake, na chombo kikishakuwa na wazee huzuka maswali mawili: ni mali ya nani, na thamani yake ni ipi?

Kwa miaka mingi sauti nzito ya bendi ilitolewa na besi kubwa ya kusimama, yenye kimo cha kumpita mtu, ambayo kuisafirisha ni adhabu. Huko Seattle, Marekani, Paul Tutmarc alijaribu katika miaka ya 1930 kutengeneza besi ya umeme ya kupakatwa, lakini haikuenea. Aliyefanikiwa ni Leo Fender wa Fullerton, California, fundi wa redio ambaye yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1951 alitoa besi aliyoiita Precision, yaani usahihi, kwa kuwa vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni vilimwezesha mpigaji kuipata sauti barabara pasipo kubahatisha. Mwaka 1957 aliibadili umbo na sumaku zake, na mwaka 1960 akaifuatishia nyingine iliyoitwa Jazz. Wajerumani wa Höfner nao walikuwa wamekwisha kutoa yao, yenye umbo la fidla, katikati ya miaka ya 1950. Mwezi Januari 1965 kampuni ya Fender ilinunuliwa na shirika la CBS, na tangu hapo wakusanyaji wa vyombo vya kale huugawa ulimwengu wao sehemu mbili: kabla ya mauzo hayo na baada yake. Besi za kabla huuzwa leo kwa maelfu ya dola.

Hapa kwetu historia ya chombo hiki haiwezi kutenganishwa na historia ya bendi, na historia ya bendi ni historia ya wenye vyombo. Vikundi vya mwanzo, kama Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930 na Morogoro Jazz iliyoanzishwa mwaka 1944, vilikuwa na sura ya vyama vya wapenzi wa dansi. Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Zikafuata bendi za vijana wa chama, za viwanda, za polisi, za jeshi na za mashirika ya umma. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam, DDC.

Mpango huu ulikuwa na neema yake. Mwanamuziki alipata mshahara wa kila mwezi, na gitaa ambalo asingeweza kulinunua kwa jasho lake akakabidhiwa mikononi. Lakini gitaa halikuwa lake. Lilikuwa mali ya mwajiri, sawa na kiti na taipureta. Ndiyo maana wanamuziki wetu walihama sana na vyombo vikabaki. Mwaka 1985, kwa mfano, Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake walipoiacha Mlimani Park na kujiunga na Safari Sound, walichohama nacho kilikuwa sauti zao, vidole vyao na sifa zao. Mtu aliweza kupiga besi moja miaka kumi, akaijua kila kovu lake, kisha akaondoka mikono mitupu. Sidhani kwamba jambo hili limeandikwa vya kutosha.

Same haikuwa mbali na mkondo huo. Mji huu uko kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na kando ya reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Umeme nao ulikuja kwa maji ya Pangani: mitambo ya Hale ilianza kazi mwaka 1964, na ile ya Nyumba ya Mungu, katika tambarare ya Upare wenyewe, mwaka 1968. Lakini tambarare siyo milima. Huko juu, Vudee, Suji, Gonja na Mamba, gitaa la umeme bila jenereta lilikuwa ubao tu. Milimani palikuwa na kizuizi kingine. Walutheri walifungua misheni ya Shigatini mwaka 1900, nao Waadventista walifika karibu na Mamba mwaka 1903, na dansi haikupendwa na misheni. Ajabu ni kwamba misheni hizo hizo ndizo zilizowafundisha Wapare kuimba kwa sauti nne. Neno "besi" liliimbwa kanisani kabla ya kupigwa klabuni, na naamini kwamba vijana wengi walioshuka kwenda kutafuta kazi katika bendi walikuwa wamekwisha kupata sikio lao kwenye kwaya.

Swali la thamani nililipata mwenyewe mjini Same, katika nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa mpigaji. Bendi yake, iliyomilikiwa na taasisi moja ya umma, ilikufa katika miaka ya 1980 huku ikidaiwa mishahara ya miezi kadhaa. Mzee aliondoka na besi, na hakuna aliyekuja kuidai. Sasa mjukuu wake alikuwa amesikia bei za ughaibuni. Kichwani mwa gitaa lile mlikuwa na jina la Fender, na kijana alikuwa amekwisha kuigawa ile fedha moyoni mwake: bati, ada, na pikipiki. Nilialikwa kwa sababu nilisemekana kuvijua vyombo hivi.

Tulilitandika gitaa mezani na kulifungua. Wanafunzi wa historia wangefaidika kuiona kazi hii, kwa kuwa haitofautiani na kupima hati ya kale. Jina la kichwani huaminiwa mwisho, kwani karatasi ya jina hubandikwa. Nambari ya bamba la nyuma nayo si shahidi mkamilifu. Mabamba yalichukuliwa kiwandani bila kufuata mpangilio, na nambari za miaka jirani huingiliana. Huondolewa parafujo nne, shingo ikang'oka, na mwisho wake hutazamwa, maana huko ndiko kiwanda cha Fender kilikoandika tarehe kwa penseli au kwa mhuri. Kisha hutazamwa vidhibiti vya sauti ndani ya tumbo. Vile vya Kimarekani hupigwa tarakimu: tatu za kwanza ni za mtengenezaji, na zinazofuata ni za mwaka na juma. Ikisomeka 1376633, ni kampuni ya CTS, mwaka 1966, juma la 33. Hapo pana mtego. Tarakimu hizo huthibitisha kwamba gitaa haliwezi kuwa kongwe kuliko kidhibiti chake. Hazithibitishi kwamba si changa zaidi. Fender walinunua shehena kubwa ya vidhibiti mwaka 1966, na vikatumika miaka iliyofuata.

Shingo ya gitaa la mzee haikuwa na tarehe yoyote. Vidhibiti havikuwa na tarakimu za Kimarekani. Na pale tulipoukwaruza ukingo wa shimo la sumaku, zilionekana tabaka za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Miili ya Precision za Fender za wakati ule ilichongwa kwa mbao nzima. Hili lilikuwa mwigo, la namna iliyotengenezwa kwa wingi Japani katika miaka ya 1970. Kijana alitoka nje akasimama barazani, na kwa kitambo hakuna aliyesema.

Lakini upimaji ulikuwa haujaisha. Sumaku moja ilikuwa imesukwa upya kwa waya wa shaba uliotolewa katika transfoma ya redio. Kikalio cha uzi mzito kilikuwa chuma kilichochongwa kwa tupa, sawasawa kabisa. Mzee alieleza kwamba kazi hizo zilifanywa baada ya mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, kisha vita vya Kagera vikaja na fedha za kigeni zikaadimika. Nyuzi mpya hazikupatikana. Zile zilizochoka zilichemshwa sufuriani ili kuondoa mafuta na uchafu, zikarudishwa gitaani. Wanunuzi wa ughaibuni huhesabu kila badiliko la namna hii kuwa upungufu: vanishi mpya hupunguza bei, waya mpya hupunguza bei. Mimi nashikilia kwamba katika gitaa lile kilichokuwa na thamani ni hicho hicho ambacho soko lingekikata. Upare wa Kaskazini ulijulikana kwa wafua chuma wake, Washana wa Ugweno, muda mrefu kabla ya Wazungu kufika. Kuona kikalio kile na kukiita kasoro ni kutojua mahali ulipo.

Ulibaki umiliki. Nyuma ya gitaa, chini ya tabaka la rangi, ilisomeka nambari nyeupe ya orodha ya mali ya ofisi. Mjukuu alitaka ifutwe. Mzee alikataa, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: kama nilijua habari za mbiru. Nilijua kama kila Mpare ajuavyo. Mwaka 1945 maelfu walishuka kutoka milimani hadi Same kuipinga kodi iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, na makadirio yenyewe watu hawakuelewa yalifanywaje. Mzee alisema kwamba baba yake alikuwamo. Hawakukataa kulipa, alisema. Walikataa mtu aingie nyumbani, aangalie vitu, kisha aondoke na hesabu asiyoionyesha.

Kwa hiyo tuliiandika hesabu yetu waziwazi, kwenye karatasi ya daftari, naye mjukuu akiwa ndiye mwandishi. Mwili: mbao za tabaka, Japani, miaka ya 1970. Shingo: ya asili. Sumaku: moja ya asili, moja ya fundi redio. Kikalio: cha tupa. Nambari ya ofisi: ipo. Mishahara isiyolipwa: miezi saba. Mzee alitia sahihi, akazikaza zile parafujo nne, akaomba amplifaya ya kwaya ya jirani iletwe kabla jua halijatua.