Jiwe la kaburi lilikosea: namna familia moja ya Waingereza kule Amerika ilivyopata tena wazazi wake wa kweli



Kila mara tunapokaa kuandika orodha ya familia zilizorudi, swali moja haliishi. Mtoto aliyekuja nasi toka kambini, aliyekuwa kwenye kadi ya posho ya familia fulani, tumwandike mtoto wa nani? Wa yule aliyemlea, ama wa wale waliomzaa na kufia njiani? Wengi wananiambia: "Andika tu vile iko ku kadi, tusichelewe." Na mimi, niseme ukweli, nimeshaandika hivyo zaidi ya mara moja, juu giza lilikuwa linaingia na watu walikuwa bado kwenye mstari.

Leo nawasimulia historia ya watu wa mbali sana, Waingereza waliohamia Amerika miaka 400 iliyopita. Niliisoma nikitafuta jambo lingine, nikakuta swali letu ndani yake.

Mtumishi aliyeanguka baharini

Mwezi wa tisa mwaka 1620, meli iliyoitwa Mayflower iliondoka bandari ya Plymouth, Uingereza, ikiwa na abiria 102. Baadhi yao walikuwa Wakristo waliokataa kanuni za Kanisa la serikali. Kati yao kuna waliokuwa wameshaishi miaka mingi ukimbizini Uholanzi. Wengine walikuwa watu wa kutafuta maisha tu.

Ndani ya meli kulikuwa na bwana mmoja wa heshima, John Carver, ambaye alikuja kuwa gavana wa kwanza wa lile koloni. Alikuwa na mke, lakini hakuwa na mtoto aliye hai. Nyumba yake ilikuwa na watumishi kadhaa, na mmoja wao aliitwa John Howland. Huyu Howland tunamjua kwanza kwa bahati yake: siku moja ya dhoruba kali alipanda juu kwenye sitaha, meli ikainama, akatupwa baharini. Akakamata kamba iliyokuwa inaburutwa majini, akaishikilia hata alipozama chini ya mawimbi, mpaka wakamvuta na kumpandisha tena. Aliugua kidogo, kisha akaishi miaka mingine zaidi ya 50.

Kwenye meli hiyohiyo kulikuwa na familia ya mtu asiye na cheo, John Tilley, mke wake Joan, na binti yao Elizabeth mwenye miaka 13. Kulikuwa pia na Edward Tilley, ndugu ya John, na mke wake.

Walifika mwezi wa kumi na moja, wakati wa baridi, bila nyumba na bila chakula cha kutosha. Ugonjwa ukawashika. Kabla ya mwaka kuzunguka, karibu nusu yao walikuwa wamekufa. John Tilley alikufa, Joan alikufa, Edward na mke wake nao wakafa. Mwezi wa nne 1621 gavana Carver mwenyewe akafa, na mke wake akamfuata baada ya wiki chache. Elizabeth akabaki peke yake. Howland pia akabaki, bila bwana.

Miaka michache baadaye hao wawili wakaoana. Walizaa watoto 10, na wote 10 walikua mpaka wakaoa na kuolewa, jambo la nadra sana kwa zama zile. Ndiyo maana leo uzao wao ni mkubwa ajabu kule Marekani. Maraisi watatu wanatoka kwao: Franklin Roosevelt, na akina George Bush, baba na mwana.

Hadithi iliyoandikwa kwenye jiwe

Sasa sikilizeni lililotokea. Vizazi vilipopita, wajukuu wa Howland walianza kusimulia kwamba bibi yao alikuwa wa damu ya gavana Carver. Wengine walisema ni binti yake, wengine mjukuu wake. Iliingia vitabuni. Na katika miaka ya 1830, baadhi ya wazao walisimamisha jiwe la kumbukumbu kwenye kilima cha makaburi cha Plymouth, Massachusetts, likisema wazi kwamba Howland alioa binti wa gavana.

Sidhani kama kuna aliyekusudia kudanganya. Howland alikuwa wa nyumba ya Carver. Yawezekana kabisa kwamba yule yatima wa miaka 13 naye alipokelewa katika nyumba hiyohiyo, kwani palikuwa na moto na chakula. Watu walimwona pale. Kisha jina la gavana lilikuwa kubwa, na jina la Tilley lilikuwa limezikwa: hakuacha mtoto wa kiume kule Amerika, wala nyumba, wala cheo. Jina kubwa likameza jina dogo. Kwa muda mrefu John na Joan Tilley walikuwa wamenyang'anywa mtoto wao bila mtu yeyote kujua kwamba kuna kilichoibiwa.

Daftari lililopotea

Gavana wa pili, William Bradford, alikuwa ameandika kwa mkono historia ya koloni lao. Karibu mwaka 1651, miaka 30 baada ya kufika, alikaa akaongeza kitu ambacho si kizuri kusoma lakini ni cha thamani: orodha ya wote waliokuja na Mayflower, nyumba kwa nyumba. Nani alikuja, nani alikufa, nani alioa nani, watoto wangapi. Hakuandika wakubwa tu. Aliandika watumishi, watoto waliokuja bila wazazi, na waliokufa ile baridi ya kwanza.

Lile daftari lilikaa kwenye familia yake, kisha likawekwa kwenye kanisa la Old South mjini Boston. Vita vya uhuru vilipoanza mwaka 1775, askari wa Uingereza waliligeuza kanisa hilo kuwa mahali pa kuzoeza farasi. Daftari likatoweka. Watu walidhani limepotea kabisa.

Mwaka 1855 likatambuliwa, liko salama, ng'ambo ya bahari: katika maktaba ya askofu wa London, pale Fulham. Mwaka uliofuata likachapwa. Wazao wa Howland walipolifungua, wakakuta sentensi fupi ya mtu aliyewajua bibi na babu yao uso kwa uso: mke wa Howland ni Elizabeth, binti wa John Tilley. Hakuna Carver hapo. Jiwe la kwenye kilima likabidi kubadilishwa.

Kurudi nyuma hatua kwa hatua

Watafiti hawakutosheka na shahidi mmoja, na hapa kazi yao inafanana na yetu. Mtu anayetafuta ukoo haanzi na babu mashuhuri halafu akashuka kujitafuta. Anaanza na kile anachokijua, anapanda hatua moja moja, na kila hatua inataka ushahidi wake.

Kwa Elizabeth, walianza na wosia wake. Alikufa mwaka 1687, akiwa mjane, anaishi na binti yake Lydia huko Swansea, Massachusetts. Katika wosia alioufanya mwezi wa kumi na mbili 1686 alisema ana miaka 79. Toa 79 kwenye 1686, unapata 1607. Na katika daftari la ubatizo la Henlow, kijiji kimoja cha Bedfordshire nchini Uingereza, tarehe 30 mwezi wa nane 1607, alibatizwa Elizabeth, binti wa John Tilley. Daftari hilohilo lina ndoa ya John na Joan ya mwaka 1596. Mwanamke mzee upande mmoja wa bahari anataja umri wake, na kitabu cha kijiji upande wa pili kinaitikia.

Kwa Howland, njia ilipita kwa ndugu yake. Humphrey Howland, muuza vitambaa wa London, aliacha wosia mwaka 1646 akitaja ndugu zake, na kati yao wamo Arthur, John na Henry. Kule koloni la Plymouth walikuwepo Arthur, John na Henry Howland. Hivyo ndivyo wakafika mpaka Fenstanton, kijiji cha wazazi wao.

Mitego haikukosekana. Jina Tilley liliandikwa Tillie, Tilly, vyovyote mwandishi alivyolisikia. Sisi ambao jina moja liko na herufi tatu tofauti kwenye kadi tatu tunaelewa. Tena mwaka wa Waingereza wa wakati ule ulianza tarehe 25 mwezi wa tatu. Howland alikufa tarehe 23 mwezi wa pili mwaka 1672 kwa hesabu yao, lakini kwa hesabu yetu ni 1673. Asiyejua hilo anaweza kumfufua mtu, ama kumwua kabla ya siku yake.

Kwa nini vitabu vya vijiji vilikuwepo? Mwaka 1538, chini ya mfalme Henry VIII, kila parokia iliamriwa kuandika kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko, bila kuchagua tajiri wala maskini. Mwaka 1598 wakaongeza amri nyingine: kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Kwa hiyo pale kitabu cha kijiji kilipoliwa na panya ama moto, mara nyingi nakala ilibaki kwingine.

Mtu aliyerudi akakuta kimya

Siwezi kumaliza bila kutaja watu ambao hakuna daftari lililowaandika. Mahali pale Waingereza walipojenga Plymouth palikuwa na kijiji cha Wawampanoag kilichoitwa Patuxet. Kati ya 1616 na 1619 tauni ilikifagia. Mashamba yalikuwepo, wenyewe hawapo, na wageni wakalima humo.

Mtu mmoja wa Patuxet alikuwa hai: Tisquantum. Mwaka 1614 nahodha Mwingereza alimteka pamoja na wenzake, akawapeleka Hispania kuwauza. Tisquantum akapata njia ya kufika London, akajifunza lugha yao, na mwaka 1619 akafanikiwa kurudi kwao. Akakuta kijiji kizima kimekufa. Ni yeye aliyewaonyesha wale Waingereza namna ya kupanda mahindi kwenye udongo uliokuwa wa watu wake. Alikufa mwaka 1622. Howland ana wazao wanaoweza kutaja kila jina mpaka Henlow. Majina ya wazazi wa Tisquantum hakuna aliyeyaandika. Sisi tuliorudi tukakuta majani yamemea mlangoni, tusipite haraka kwenye habari ya huyu mtu.

Tunachoomba kwenu

Kwenye orodha yetu mpya tumeweka sehemu mbili kwa kila mtoto: aliyemlea, na waliomzaa. Tafadhali jazeni zote mbili. Kumwandika mama aliyemzaa hakumwondolei heshima mama aliyemlea. Lakini kumfuta mama aliyemzaa kunamfuta mtoto kwenye shamba la babu yake, na shefu wa kijiji akiuliza kesho, mtoto hatakuwa na la kujibu. Waliokufa kambini na njiani nao waandikwe, pamoja na kijiji walichotoka. Wazee wanaokumbuka majina waitwe mapema. Bradford aliandika baada ya miaka 30, na kama angengoja 10 zaidi tusingekuwa na orodha, kwa sababu alikufa mwaka 1657.

Kwa wafadhili wetu: pesa ya madaftari, ya nakala ya pili na ya kabati la chuma la kuyawekea inaonekana ndogo pembeni ya mabati na mbegu. Tunawaomba msiione ndogo. Nakala ya pili itakaa mji mwingine, mbali na ya kwanza.

Na wale watoto niliowaandika vibaya mimi mwenyewe, juu ya haraka, ninarudi kwao mwezi huu, nyumba kwa nyumba, na kalamu. Kama mnakumbuka jina la baba ama mama wa mmoja wao, hata nusu ya jina, mje mniambie.