Kamba, Maji na Diazepamu

Muguka ulifika Kasigau kwa kufuata barabara. Jani hili hutoka Mbeere, kaunti ya Embu, na lina haraka kuliko mboga yoyote sokoni, kwa sababu kile kinachompa mtafunaji handasi, yaani ule msisimko, ambacho ni kathinoni, huanza kupotea mara tu jani linapochumwa. Likipita siku mbili tatu halina mnunuzi. Ndiyo maana magari yake hukimbia usiku kucha kupitia Voi, Maungu na Mackinnon Road hadi Mombasa. Maungu ni kituo cha malori, na hapohapo ndipo inapochepuka barabara ya vumbi ya kuja kwetu mlimani: Rukanga, Jora, Makwasinyi, Kiteghe, Bungule. Madereva wa masafa marefu walitafuna miraa ya Meru ili wasisinzie kwenye usukani. Muguka, wenye bei ya kila mfuko, ndio uliopakiwa kwenye bodaboda ukawafikia vijana wetu.

Nimekuwa muuguzi tangu kabla ya ugatuzi wa 2013, wakati zahanati zetu zilikuwa chini ya wizara. Watu wengi wanaotafuna hatuwaoni zahanati. Hurudi nyumbani, hunywa maziwa ili handasi ikate, hulala. Tunayemwona sisi ni yule aliyekesha siku kadhaa bila kula wala kunywa maji ya kutosha, au aliyechanganya na pombe kali, au ambaye moyo wake ulikuwa na hitilafu asiyoijua. Huletwa mboni zimepanuka, moyo unamwenda mbio, presha iko juu, mwili unachemka, naye anawasikia watu wanaomteta nje ya dirisha ambapo hakuna mtu.

Wazee walikuwa na maelezo yao ya mtu anayetetemeka na kutoa macho. Walisema saka. Mwanaanthropolojia Mmarekani, Grace Harris, aliyekaa huku kwetu Utaita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika makala kuhusu saka mwaka 1957: wanawake waliokakamaa, wakatetemeka, na kuandaliwa ngoma mpaka watulie. Mimi siidharau tiba ile. Mgonjwa alizungukwa na watu waliomjua, na waliokusanyika walikuwa na subira. Kijana wa muguka hakuipata subira hiyo. Yeye ni mwanamume, ana nguvu, na jirani zake wanamwogopa. Kwa hiyo akaletewa kamba.

Niliwapokea hivyo kwa miaka mingi: mikono nyuma, kamba ya katani au ya mbuzi, kifudifudi nyuma ya pikapu, jua la saa nane la nyanda hizi za Taru likimpiga mgongoni. Familia haikuwa na ukatili. Ilikuwa na hofu, na hospitali ya Voi ni mbali. Mlima huu unakumbuka maana ya kupelekwa mbali: mwaka 1915, katika vita na Wajerumani, Waingereza waliwahamisha Wakasighau kwa nguvu hadi Malindi, na wengi walifia huko. Bibi mmoja aliwahi kunishika mkono akaniambia, "Mwanangu, asiende huko akiwa amefungwa." Wakati ule nilimjibu kwa upole tu. Leo ningemjibu kwa sayansi, kwa sababu alikuwa na haki.

Kathinoni, ambayo maabara ya Umoja wa Mataifa iliitenga kutoka kwenye jani mwaka 1975, ni jamaa wa karibu wa amfetamini. Huufanya ubongo umwage dopamini na noradrenalini. Misuli hukaza, mishipa hubana, joto hupanda. Sasa mfunge mtu huyo. Atapigana na kamba kwa nguvu zake zote, na kila mvuto wa msuli unaongeza joto. Msuli ukizidiwa huanza kuvunjika, mabaki yake huingia kwenye damu na kuziba figo, damu hujaa asidi, moyo hupoteza mapigo. Kifudifudi, hata kifua hakipanuki vizuri. Ghafla mgonjwa ananyamaza, nao waliomleta wanashukuru kwamba ametulia, kumbe anakufa.

Utabibu wenyewe ulichelewa kulielewa jambo hili. Klorpromazini ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952 na kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa sindano ya kila aliyeonekana kuchanganyikiwa, ingawa inaweza kumsogeza mgonjwa karibu na degedege. Vitabu vya zamani vilishauri kuutia mkojo asidi ili amfetamini itoke haraka. Ushauri huo uliachwa, maana figo zilizojaa mabaki ya misuli huumia zaidi kwa asidi. Mwaka 1981 jaribio la mbwa waliopewa kokeni, kichangamshi kingine, lilionyesha kwamba joto la mwili ndilo lililotangulia kifo, na kwamba diazepamu au baridi iliwalinda. Diazepamu ilikuwa madukani kwa jina la Valium tangu 1963. Dawa ilikuwepo, kilichokosekana ni kujua kwamba utulivu na maji ndiyo tiba yenyewe.

Siku hizi, akifika, kamba hukatwa. Nasema naye kwa jina lake, kwa sauti ya chini, na watazamaji wanatolewa. Tunapima sukari, kisha malaria, kwa sababu malaria ya kichwani inaweza kufanana kabisa na haya na hapa haijatuacha. Diazepamu, miligramu 5 hadi 10, polepole kwenye mshipa, jicho likiwa kwenye pumzi. Nguo hutolewa, maji humwagwa mwilini, watu wawili wanapepea. Dripu. Akilalamika kifua, simfanyii masihara: watafiti wa Sanaa, Yemen, akiwemo Ahmed Al-Motarreb, walichapisha mwaka 2005 ushahidi unaohusisha utafunaji na shambulio la moyo. Huyo anapewa aspirini na kuitiwa gari la Voi. Propranololi hapewi, ingawa moyo unakimbia, maana inaweza kuiacha mishipa ikizidi kubana.

Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa alipiga marufuku muguka, Gideon Mung'aro wa Kilifi akafuata, na kaunti yetu ikajiunga nao. Rais Ruto alisema amri hizo hazina nguvu, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya kitaifa, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha zile za Mombasa na Kilifi. Nilifuatilia mjadala ule wote redioni. Walisemewa wakulima wa Mbeere, ambao wana watoto wa kusomesha, na wazazi wa Pwani, ambao wana watoto wa kuokoa. Sikusikia mtu akiuliza zahanati ngapi kati ya Maungu na Bungule zina diazepamu kabatini usiku wa Jumamosi, wala gari la wagonjwa huchukua muda gani kupanda barabara ile ikinyesha. Mimi ningeanza na maswali hayo mawili, kisha ningewafundisha waendesha bodaboda wa Rukanga kumlaza mgonjwa kwa ubavu kivulini, kummwagia maji, na kuiacha kamba nyumbani.