Kabla ya WhatsApp: mawimbi yaliyogawiwa watu wa hobi

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu kadi za simu za kukwangua, zile mama zetu walinunua dukani ili waongee na nyumbani kidogo, kisha laini inakatika. Wengi mmeuliza: na kabla ya hapo? Niko na jibu, maana kwa miaka kadhaa sasa mimi ni mtu wa redio ya ridhaa, yaani hobi ya kuwasiliana na dunia kwa mtambo wako mwenyewe, bila kampuni ya simu katikati.

Historia yake inaanza na dharau. Mwaka 1912 Marekani ilitunga sheria ya redio. Jeshi la majini na kampuni kubwa walibaki na mawimbi marefu, kwa sababu wataalamu wa wakati huo waliamini hayo ndiyo yanafika mbali. Watu wa hobi wakasukumwa kwenye mita 200 kushuka chini, masafa mafupi ambayo eti hayakuwa na faida. Ni kama kugawiwa shamba la mawe.

Lakini walililima. Desemba 1921 chama chao, ARRL, kilimtuma Paul Godley mpaka Ardrossan, Scotland. Alipiga hema karibu na bahari, akatandaza waya mrefu wa antena, akasikiliza usiku kucha kwenye baridi. Akawasikia wenzake kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923, Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, na Fred Schnell wa Connecticut walijibizana moja kwa moja kwa mawimbi ya mita 100 hivi. Siri iko juu: tabaka la hewa linaloitwa ionosfia huyarudisha mawimbi mafupi chini, kwa hiyo yanavuka bahari hata kwa nguvu ndogo.

Hapo wakubwa nao wakalikimbilia shamba la mawe. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza mwaka 1957, ilitoka London kuja Afrika Mashariki kwa masafa mafupi. Kwa hiyo taarifa ya habari ambayo babu alikuwa anaisubiri, nyumba nzima ikiambiwa inyamaze, ilipita njia iliyofunguliwa na watu wa hobi.

Hawakuishia kwenye sauti na nukta za Morse. Mwaka 1978 wenzao wa Montreal, Kanada, walianza kutuma data hewani vipande vipande, namna ile ile intaneti inavyogawa ujumbe. Mwaka 2017 Joe Taylor, mwanafizikia aliyeshinda Nobel mwaka 1993, na Steve Franke walitoa FT8. Mnapokezana kila sekunde 15, na kompyuta inasoma ishara hafifu ambayo sikio haliwezi kuisikia. Mimi natumia wati 10, chini ya balbu ya zamani ya sebuleni, na waya niliotundika nyuma ya nyumba ya wazazi hapa Leicester. Ikitokea 5Z kwenye skrini, hiyo ni Kenya. 5H ni Tanzania, 5X Uganda, A4 Oman.

Sasa, msidhani ni WhatsApp ya bure. FT8 kwa kawaida inabeba jina la kituo, mahali kilipo na nguvu ya ishara, basi. Huwezi kumuuliza shangazi kama mguu umepona. Leseni inatoka serikalini, biashara hairuhusiwi, na ujumbe haufichwi: yeyote anaweza kusikiliza.

Hata hivyo, Congo ilipozimiwa intaneti baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, kwa karibu wiki tatu, familia nyingi huku zilikaa zikitazama simu kimya. Ionosfia haina swichi ya kuzimwa. Kinachokosekana ni watu kule nyumbani wenye mtambo, leseni na ujuzi, na hao hawapatikani siku ya dharura. Hufundishwa mapema.

Kwa leo, waulizeni wazee wenu walikuwa wanashika BBC mita bendi ngapi. Wengine bado wanazikumbuka kwa kichwa. Warekodini, mtutumie.