Nguvu si Madaraka: Funzo la Msowero

Ndugu zetu wengi huchanganya nguvu na madaraka. Nguvu ni uwezo wa kumlazimisha mtu. Madaraka ni haki ya kuamua ambayo watu wenyewe wameikubali. Historia ya Kilosa inatufundisha tofauti hiyo.

Novemba 1884 Carl Peters, wakala wa ukoloni wa Kijerumani, alifika Msowero, Usagara. Alimwita Mangungo "Sultani", kisha akamtilisha sahihi mkataba wa kutoa nchi yote. Lakini Wasagara hawakuwa na sultani mmoja, na ardhi ilikuwa ya ukoo. Mangungo hakuwa na madaraka ya kuitoa. Hata hivyo, tarehe 27 Februari 1885 Kaisari aliipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi, na bunduki zikamalizia kazi ya karatasi.

Waingereza, kwa sheria yao ya 1926, walimfanya chifu awajibike kwa Gavana, si kwa watu. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta utawala huo.

Leo, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano wa Kijiji. Kwa hiyo hakuna kiongozi wa Mabwerebwere, wala wa kijiji chochote, anayeruhusiwa kuwa Mangungo. Lakini tusipohudhuria mikutano, tukawaachia wachache watie sahihi, tutakuwa tumemkaribisha Peters sisi wenyewe. Madaraka ya umma hulindwa na umma.