Duka la Umma na Mwambao wa Ziwa Nyasa: Kutoka COSATA hadi RTC

Sisi wakufunzi wa siasa tumezoea kuanza somo la biashara ya umma na Azimio la Arusha. Mwanafunzi wa Mbinga akiuliza kwa nini babu yake alichuma kahawa mwaka mzima na bado akakosa sabuni, tunamjibu kwa neno moja: ubepari. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi, maana babu huyo huyo alikosa sabuni tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati duka lilikuwa la umma. Kada asiyeweza kueleza mambo haya mawili kwa pamoja hatasikilizwa na mvuvi wa Liuli wala mkulima wa Litembo.

Tuanze mapema zaidi. Mwaka 1936 wakulima wa tumbaku wa Songea waliundiwa chama kikuu cha ushirika cha Ngoni-Matengo. Ushirika ule ulimpanga mkulima kama muuzaji. Haukumpanga kama mnunuzi. Fedha aliyoipata mkulima kwa mavuno iliingia mfukoni mwa mwenye duka, naye ndiye aliyepanga bei ya nguo, chumvi na mafuta ya taa. Kwa hiyo unyonyaji uliofukuzwa kwenye mizani ya ushirika ulirudi kupitia kaunta ya duka.

Baada ya Uhuru, Serikali ililiona pengo hili. Mwaka 1962 iliundwa COSATA ili ivipatie vyama vya ushirika bidhaa za kuuza kwa wananchi. Mwezi Februari 1967 makampuni makubwa ya biashara ya nje, kama vile Smith Mackenzie na Dalgety, yalitaifishwa, na pamoja na COSATA yakaunganishwa kuwa Shirika la Biashara la Taifa, yaani STC. Mwaka 1970 Shirika hilo lilikabidhiwa biashara yote ya nje na ya jumla, mzigo ambao halikuwa na watumishi wala maghala ya kuubeba. Mwaka 1973 likavunjwa. Ikaundwa Bodi ya Biashara ya Ndani, na kila mkoa ukapata Kampuni yake ya Biashara, RTC. Mwaka huo huo ilianzishwa Tume ya Bei.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Bei ilipangwa kwa sheria, na faida ya muuzaji ikapimwa. Nia ilikuwa njema: mwananchi wa mbali asikamuliwe kwa sababu ya umbali wake. Lakini umbali haufutwi kwa tangazo. Mzigo wa kwenda Nyasa ulitoka Dar es Salaam kwa reli ya TAZARA au kwa malori hadi Makambako, ukaenda Songea, ukapanda milima ya Umatengo, kisha ukateremka kwa barabara iliyokuwa ya udongo, ambayo masika yaliifanya tope. Au ulizungukia bandari ya Itungi na kungoja meli. Faida iliyopimwa ikiwa haitoshi kulipia safari hiyo yote, meneja hana sababu ya kibiashara ya kuufikisha mzigo ziwani. Bei ya halali iliyobandikwa ukutani haimvishi mtu kama kanga zenyewe hazipo. Na palipo na upungufu, mwenye madaraka ya kutoa kibali cha mgao huwa ndiye mwenye duka hasa, japo hana kaunta. Wengine wetu walikuwa hao. Tuliseme wenyewe.

Februari 1976 ilianza Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yapishe maduka ya ushirika ya vijiji. Sehemu nyingi viongozi walishindana kufunga kabla ya kufungua, hata Serikali ikabidi iagize kwamba duka lisifungwe pale ambapo la umma halijawa tayari. Na miezi michache tu baadaye, Mei 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Yaani kijiji kilitwikwa kazi ya duka wakati ule ule kiliponyang'anywa chombo chenye malori, maghala na watu waliojua hesabu. Katika historia yote hii hatujaona kosa kubwa kuliko hilo.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilimaliza yaliyobaki. Ulanguzi ulishamiri. Mwaka 1983 wahujumu uchumi walisakwa. Mwaka 1984 milango ya kuagiza bidhaa kwa fedha binafsi ikaanza kufunguliwa. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982, na Mbinga ikapata chama chake, MBICU, ambacho nacho kilianguka katika miaka ya 1990, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa.

Wapo wanaosema soko huria lilimaliza shida hiyo. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaondoka 2014. Nakumatt ya Kenya iliyonunua maduka yake ikaanguka baada ya miaka michache. Uchumi ilifunga 2015. Yalikuwa maduka ya mijini, yakiuza kwa bei ya mzigo mkubwa. Hakuna hata moja lililoteremka Mbamba Bay. Wilaya ya Nyasa ilipokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012, aliyekuwa akiifikishia sukari alikuwa mfanyabiashara mdogo mwenye lori la kukodi, akipanga bei kwa kadiri ya tope.